Sura ya Sita: Chini ya Mwembe

Nyumbani kwa Bibi, Muheza, siku huanza kwa sauti ya ufagio wa chelewa. Jua halijapanda juu ya michungwa, chai haijachemka, naye keshainama chini ya mwembe, mkono mmoja kiunoni, mwingine unafagia, mpaka uwanja mzima unabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Majani anayakusanya pembeni, anayatia kiberiti, na moshi wake unapita madirishani kutuamsha sisi wageni wa mjini. Amefanya hivyo tangu alipoolewa katika mji ule. Chini ya mwembe hapajawahi kuota kitu, na ukimwuliza sababu hana shaka hata chembe.

"Kivuli, mjukuu wangu. Penye kivuli hata magugu hayataki."

Nilimwamini kwa miaka mingi, wala sikuwa peke yangu. Pita Tanga, Dar es Salaam au Mombasa uangalie nyumba za watu. Maua yamepangwa kwenye ukuta unaochomwa na jua toka asubuhi, yanamwagiliwa mara mbili kwa siku na bado yananyong'onyea. Chini ya mti, penye ubaridi, penye kiti cha mzee na bao la kete, pamebaki vumbi tupu. Tunakikimbilia kivuli sisi wenyewe, lakini mimea hatuipi.

Kilichonibadilisha mawazo ni safari ya Amani. Kutoka Muheza ni kilomita 30 na ushei tu, ila ni kama kuhamia nchi nyingine: gari linapanda kona kwa kona mpaka mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inapoa, na miti inakutana juu ya barabara. Wajerumani walifungua pale taasisi yao ya utafiti wa kilimo na biolojia mwaka 1902, na tangu 1997 sehemu kubwa ya msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia. Mimi nilikwenda kutembea tu. Lakini nilipoingia msituni nikaona jambo lililoniaibisha kidogo, kwa sababu kivuli cha mle kilikuwa kizito kuliko cha mwembe wowote niliowahi kukaa chini yake. Sakafu ya msitu mnene wa kitropiki hupata asilimia 1 au 2 tu ya mwanga unaoangukia vilele vya miti. Na bado chini palijaa: makangaga ya kila umbo, mimea ya jamii ya tangawizi inayonipita urefu, begonia zinazopanda mashina ya miti, maua ya waridi yenye shina la majimaji pembezoni mwa kijito, vitu vyenye majani laini kama sikio la mbuzi vilivyobandikwa kwenye majabali.

Nikachuchumaa nikaingiza mkono ardhini. Juu kulikuwa na majani makavu mazima. Chini yake majani yaliyolowa, meusi, yaliyoanza kutoboka. Chini yake tena nyuzi nyeupe za kuvu zilizoyashona pamoja kama mtu aliyetia kitambaa taraza. Ndipo udongo ukaanza, nao ulikuwa mwepesi na wenye unyevu, unaachana vidoleni kama machicha ya nazi. Kidole changu kilizama chote bila kusukuma. Uwanjani kwa Bibi ukitaka kuingiza kidole namna hiyo, tafuta kwanza sururu.

Niliporudi Muheza jioni ile nilikuwa na hakika kwamba kivuli tulikuwa tumekisingizia. Mwenye kosa alikuwa ufagio. Kila asubuhi tulikuwa tunauvua msitu nguo yake na kuichoma moto, halafu tunashangaa mbona uchi.

Kumwambia Bibi jambo hilo ni habari nyingine, nitaifikia.

Mimea ninayoizungumzia katika sura hii ni ya kudumu. Haifanani na mchicha, unaopandwa, ukachumwa, ukaisha. Hii ukishaipanda inakaa miaka. Mingine inapotea kiangazi na kurudi na mvua, mingine haibadiliki mwaka mzima. Na ni mimea ya hapa, ya misitu ya Usambara na ya pwani. Sisemi hivi kwa uzalendo. Mmea uliozaliwa chini ya miti ya nchi hii unajua Januari yake ilivyo na masika yake yalivyo, kwa hiyo unaniomba maji kidogo kuliko mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Halafu kuna wageni ambao wakizoea hawaondoki. Huko huko Amani kuna kichaka chenye majani ya manyoya na vitunda vya zambarau, Clidemia hirta, asili yake Amerika ya kitropiki. Kinapenda kivuli kuliko mwenyeji, ndege wanakula matunda yake, na leo kimesambaa ndani ya msitu mahali ambapo hakuna aliyekipanda.

Kabla ya kupanda chochote, kijue kivuli chako, maana vivuli havilingani. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, tandika karatasi nyeupe chini ya mti, kisha nyoosha mkono juu yake kama futi moja hivi. Ukiona kivuli cha vidole vimoja vimoja, hapo pana mwanga mwingi, karibu kila kitu katika sura hii kitachanua. Ukiona umbo la mkono lililofifia, mimea ya maua itaishi ila itachanua kwa kusitasita. Usipoona kitu, panda majani tu, usitafute maua.

Mkwaju ni mti wa bahati, kwa kuwa vijani vyake vidogo vinachuja jua kama chujio la chai. Mwembe ni mzito. Wa Bibi ulikuwa mzito hivi kwamba karatasi yangu haikuonyesha mkono wala kidole. Dawa yake ni kupunguza matawi ya chini, baada ya msimu wa maembe, mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima, ili jua la asubuhi na la alasiri lipenye kwa ubavu. Usikate yote kwa mwaka mmoja. Sisi tulitoa matawi matatu, na Bibi akapata kuni za wiki nne, jambo lililosaidia sana mazungumzo yaliyofuata.

Kuna jambo jingine watu hulisahau: mti ni mwamvuli. Mvua ya manyunyu ikinyesha, nje ya mwembe ardhi imelowa, ndani pakavu. Niliwahi kuchimba kwa kidole baada ya mvua ya vuli iliyotupigia bati robo saa nzima. Chini ya mti vumbi lilikuwa vumbi. Kwa hiyo anayepanda kivulini asidanganywe na ubaridi akadhani pana maji. Ndiyo maana majani yaliyoanguka yana thamani: yanazuia hata kile kidogo kilichofika kisipotee.

Basi, Bibi. Nilimweleza habari za Amani, nikamweleza na machicha ya nazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na nyoka?"

Lilikuwa swali la haki. Uwanja haufagiliwi kwa kupenda usafi peke yake. Uwanja mweupe unamwonyesha nyoka toka mbali, unamwonyesha nge, na mtoto anayetambaa hakutani na kitu asichokiona. Waandishi wa vitabu vya bustani wanaosema "acheni majani yaoze" wengi wao hawaendi chooni usiku na koroboi. Nilimkubalia nusu, naye akanikubalia nusu. Njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni na chooni itaendelea kufagiliwa. Hakuna jani litakaloachwa karibu na ukuta wa nyumba, maana majani makavu yakigusa ukuta umewaita mchwa kwa jina. Bustani itakuwa upande wa pili wa mwembe, hatua nne kwa sita, imezungushiwa mawe, na mtu asiingize mkono humo bila kutikisa kwanza kwa fimbo. Akaongeza sharti lake: mbu wakizidi, yote yanaondoka. Hapo nilikuwa na amani. Mbu wa malaria anataga kwenye maji yaliyosimama, hatagi kwenye majani makavu. Mbu wetu walitoka kwenye ndoo iliyopasuka nyuma ya banda, na tangu tulipoipindua Bibi hajalitaja tena sharti hilo.

Kutengeneza kitanda chini ya mti mkubwa kunataka mkono mwepesi. Usilete jembe. Mizizi myembamba inayoulisha mwembe iko juu juu, na jembe likipita hapo umeujeruhi mti, na mimea yako hujaisaidia chochote, kwa sababu kufikia masika yanayofuata mizizi mipya itakuwa imejaa kwenye udongo uleule uliolegeza. Usirundike udongo kwenye shina pia. Gome lililofukiwa huoza. Nilichofanya ni kumwaga majani nusu yaliyooza, unene wa vidole vinne, yakichanganywa na samadi kuukuu ya mbuzi, nikaacha nafasi ya shibiri moja kuzunguka shina. Majani ya mwembe ni magumu kama ngozi, hayaozi upesi. Yalundike kwanza pembeni, uyalowanishe, watoto wayakanyage wakicheza. Baada ya masika moja yanalainika.

Kisha nikapanda miche midogo, kila mmoja na mizizi isiyozidi ngumi, nikiichomeka katikati ya mizizi ya mwembe kwa kisu kizee cha jikoni. Mche mkubwa wa kwenye kopo la rangi unapendeza siku ya kwanza, lakini shimo lake linakata mizizi mingi na wenyewe unasumbuka. Mdogo unajipenyeza, kama abiria wa daladala anayejua kukaa kwa ubavu.

Mimea ya mpakani ilikuwa masale. Jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Machame, alikata fimbo sita kwenye uzio wake akaniletea. Uchagani hakuna asiyejua sale: ndilo mpaka wa kihamba, na ndilo jani analokuja nalo mtu aliyekosa, anapokuja kuomba asamehewe. Wataalamu wanaliita Dracaena, na la kwake lilikuwa Dracaena fragrans. Kihamba chenyewe, ukikitazama vizuri, ni bustani ya kivuli ya siku nyingi: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi chini kabisa. Watu wa Kilimanjaro hawakuhitaji kitabu changu. Sale halina masharti. Unachomeka fimbo, unaisahau, inachipua. Baada ya miaka kadhaa, likiamua, linatoa maua madogo meupe yanayofunguka usiku, na harufu yake ni nzito hivi kwamba wageni huuliza nani amejipulizia manukato.

Mmea niliodhani utanishinda haukunishinda, na ule niliodhani ni rahisi ndio ulionifedhehesha. Huu wa pili ni ua ambalo dunia nzima inalo dirishani na wengi wetu hatujui kwamba ni letu. Wazungu wanaliita urujuani wa Afrika. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, alilipa jina Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala upande wa Tanga na kulipeleka kwao Ujerumani. Yule bwana, kwa njia, alikuwa ameshachapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890, kwa hiyo huenda aliwauliza wenyeji kwa lugha yetu hii hii lile ua linaota wapi. Taarifa zake zilitaja mahali pawili. Pa kwanza ni mwendo wa saa moja hivi toka Tanga mjini, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, chini ya mita 50 kutoka usawa wa bahari. Pa pili ni ndani ya msitu wa Usambara, kwenye majabali, mita 760 hivi. Kule Kilifi, nchini Kenya, kuna nduguye anayeota kwenye majabali ya chokaa vilevile. Miaka ya 1920 na 1930 wakulima wa maua wa Los Angeles walianza kuchagua na kuuza aina zilizotokana nalo, na kutoka hapo yakazaliwa machotara kwa maelfu: meupe, ya waridi, yenye pindo. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo jina la Saint Paul limebaki kwenye kijisehemu tu. Mimi bado naliita Saintpaulia kwa mazoea.

Nililinunua kwa mama mmoja mwenye kitalu kando ya barabara. Chotara, bila shaka, lakini damu yake ya hapa. Nikasema: huyu amezaliwa kilomita chache tu kutoka hapa, atanishukuru. Nikamzika kwenye kile kitanda kizuri cha majani na samadi. Masika yakaja. Wiki ya pili ya Aprili nikamkuta amelala kifudifudi. Nikamshika, akatoka mkononi mwangu bila mizizi, katikati yake uji wa kahawia.

Nilirudi Amani kutazama nilichokuwa nimekitazama bila kukiona. Saintpaulia nilizozikuta zilikuwa kwenye jabali, zimesimama wima au zimeinama kama mtu anayechungulia shimo. Mizizi ilikuwa imeshika kuvumwani na kiganja kimoja cha mboji kilichonaswa ufani. Maji yalikuwa yanapita hapo kutwa nzima, lakini hayakai. Tone likianguka katikati ya majani, linateleza linaenda zake. Mimi nilikuwa nimemlaza chali kwenye bakuli.

Nyuma ya jiko la Bibi kuna msingi wa mawe wa nyumba ya zamani, unaofika kiunoni, na upande wake mmoja hauoni jua baada ya saa tatu asubuhi. Pale pamekuwa kijani kwa kuvumwani tangu nikiwa mtoto. Nikachukua majani matatu ya Saintpaulia mpya, kila moja na kikonyo cha urefu wa pingili ya kidole, nikayakata kwa wembe kwa mshazari, nikayachomeka kwenye kopo la mchanga na mboji nusu kwa nusu, nikalifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Nikaliweka penye mwanga bila jua. Kwa wiki sita hapakuonekana kitu, na Bibi akaanza kuniuliza kama naotesha chupa. Wiki ya nane vikatokea vijani chini ya kila kikonyo, vidogo, vya manyoya, kama masikio ya panya. Vilipofika ukubwa wa shilingi nikavitenga, nikavisindika kwenye nyufa za ukuta pamoja na kuvumwani na mboji, vikiangalia pembeni. Vitatu vilikauka. Vitano vipo, na kimoja kimechanua mara mbili, zambarau yenye chavua za njano katikati. Navimwagilia kwa kuupa ukuta maji, majani siyagusi, na maji ni ya mtungi yaliyoshinda kivulini. Maji ya baridi yakigusa jani lenye joto yanaacha doa jeupe lisilofutika.

Usiende kuvichimba msituni. Kuna aina ambazo ulimwengu wote zimebaki kwenye majabali machache tu, na mtu mmoja mwenye kikapu anaweza kumaliza mlima. Jani moja la jirani linatosha.

Ule niliouogopa bure ni ua la Impatiens, lile la waridi nililoliona kijitoni. Shina lake limejaa maji, likiguswa na jua la mchana linazimia, likipewa kikombe cha maji jioni linafufuka kana kwamba lilikuwa linatania. Vunja tawi, litie kwenye glasi ya maji. Wiki moja, mizizi. Tunda lake likiiva ukaligusa linapasuka na kurusha mbegu, na wajukuu wa Bibi wamegundua mchezo huo kwa hiyo sasa linaota mpaka nje ya mawe. Aina inayojulikana zaidi, Impatiens walleriana, ni mwenyeji wa Afrika ya Mashariki hadi Msumbiji, na ina kisa chake. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mimea, aliipeleka London, na mwaka 1882 bustani ya Kew ikaitangaza kwa jina la Impatiens sultani, kumheshimu Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikabainika kwamba mmea huo huo ulishapewa jina la mmisionari Horace Waller mwaka 1868. Sheria ya wataalamu ni kwamba jina la kwanza ndilo linalokaa, na hivyo Sultani akanyang'anywa ua na mmisionari bila hata barua.

Adui wa Impatiens ni konokono mkubwa wa pwani. Naye ni mwenyeji, ana haki zake. Lakini usiku wa mvua anakula shina zima akaacha kisiki. Tunamwokota kwa tochi saa mbili usiku na kumpeleka upande wa migomba. Nimesoma njia nyingine nyingi, hakuna iliyoshinda tochi.

Zamioculcas naupita haraka kwa sababu hauna shida. Wengi wanauita ZZ tu. Ni mmea wa misitu ya pwani, toka Kenya mpaka Afrika Kusini, na Zanzibar upo. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa biashara karibu na mwaka 1996, ukaenea maofisini duniani kote, na sasa unaweza kuuona Dar es Salaam kwenye chungu cha gharama karibu na lifti, mgeni wa heshima katika nchi yake. Chini ya ardhi una viazi vinavyoweka maji. Kijani chake kimoja kikichomekwa mchangani kinaunda kiazi chake, ila kwa mwendo wa kobe, miezi na miezi. Kiangazi kikizidi hutupa majani. Usiung'oe ukidhani umekufa. Utomvu wake unawasha, watoto waambiwe.

Na kuna Scadoxus multiflorus. Huu ni kitunguu cha msituni kinacholala ardhini kiangazi chote, hakuna dalili. Mvua za kwanza zikinyesha, kabla hata ya majani, linatoka shina moja la madoadoa, na juu yake mpira mwekundu wa maua membamba, mengine hufika 200 kwenye kichwa kimoja, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Unakaa wiki moja au mbili, kisha yanakuja majani mapana. Nilipewa vitunguu viwili na rafiki wa Korogwe. Vipandwe shingo ikiwa usawa wa ardhi, visimwagiliwe kabisa vikilala, na alama iwekwe, la sivyo utavikata kwa kisu Januari ukitafuta nafasi ya kitu kingine, kama nilivyokikata kimoja. Ni sumu. Pamoja na uzuri wake, zamani watu walikitumia kwenye mishale, kwa hiyo kisipandwe karibu na vitunguu vya jikoni, hasa kama jikoni kuna mtu asiyeona vizuri.

Nimesahau kusema habari za kuku, nao ndio waliokaribia kuimaliza kazi yote. Kwa kuku, kitanda cha majani yaliyooza ni karamu: kuna funza, kuna jongoo wadogo, kuna mchwa. Asubuhi ya tatu baada ya kupanda nilikuta kila mche uko juu ya mawe na temba mmoja wa Bibi amejilaza katikati ya shimo, anajipaka vumbi. Nilijaribu uzio wa fito, wakaruka. Kilichosaidia ni matawi ya mchongoma yaliyotandazwa chini ya majani, yasionekane, na mawe bapa kuzunguka kila mche mpaka ushike. Miche ikishakuwa mikubwa na majani yakishikana, kuku hapaoni tena mahali pa kuparua.

Mwaka wa pili ukaingia. Bibi bado anafagia, saa ile ile, mkono kiunoni. Tofauti ni kwamba sasa hatii kiberiti. Anafagia kuelekea mawe, anasimama mpakani, anayainua majani kwa viganja viwili na kuyamwaga juu ya kitanda, halafu anayatikisa kwa fimbo kama tulivyokubaliana. Mwezi uliopita alimkuta jirani yetu wa upande wa pili anawasha moto wake wa asubuhi, akamwita mjukuu na kiroba.

"Kayachukue kabla hajayamaliza. Ya mfenesi lete, ya mchungwa lete. Ya mkungu mwachie mwenyewe, mapana kama sinia yale, yatavifunika vitoto vyangu visipumue."